Kakamega, Sirimon au Aberdare: Kuchagua Banda la Msituni Kabla ya Vuli

Septemba ikiingia, Nairobi huanza kuvua makoti. Baridi ya kipupwe imelegea, mijakaranda inachanua kando ya barabara, na mvua za vuli kwa kawaida husubiri hadi Oktoba iwe imekolea. Kati ya hapo kuna wiki kama sita ambazo ndizo nzuri kuliko zote za kutoka mjini ukalale msituni siku mbili tatu. Desemba mabanda, yaani nyumba ndogo za wageni, hujaa familia. Aprili na Mei njia nyingi huwa tope tupu.

Tatizo la wengi ni kuchagua. Picha hazisaidii, kwa maana kila msitu hupendeza kwenye simu. Hapa tunalinganisha sehemu tatu ambazo mtu wa Nairobi anaweza kufika kwa barabara, akalala ndani ya msitu au ukingoni mwake kabisa, akatembea kwa miguu akiwa na utulivu: Msitu wa Kakamega, geti la Sirimon upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, na nyanda za juu za Aberdare kupitia geti la Kiandongoro. Karura, Ngong na Kereita tumeziacha makusudi. Ni za kwenda asubuhi na kurudi jioni, na hazihitaji kufungia watu blanketi.

VIGEZO

Anza na kimo kutoka usawa wa bahari, kwa sababu mambo mengine mengi hukifuata. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Nairobi iko karibu mita 1,700. Kakamega iko karibu 1,600, kwa hiyo usiku wake haukushtui. Geti la Sirimon liko mita 2,650, na kwa hesabu hiyo usiku wake ni baridi kuliko wa Nairobi kwa kama digrii sita. Nyanda za Aberdare zinakaribia mita 3,000. Kimo ndicho kinachoamua idadi ya blanketi, kama kuna mbu wa malaria, kama kichwa kitauma usiku wa kwanza, na hata kama maharagwe yataiva.

Cha pili ni wanyama wakubwa. Kuna msitu unaotembea na mwongozaji mwenye fimbo na panga, na kuna msitu ambao usipokuwa na askari mwenye bunduki huvuki uwanja wa banda. Hili hubadilisha uhuru wako wa siku nzima, na wengi hawaliulizi hadi wafike.

Kuna pia saa za barabarani. Mageti ya Shirika la Wanyamapori, KWS, hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Ukifika saa 1 usiku utalala kwenye gari au urudi mjini kutafuta chumba. Hesabu safari ukianzia saa ya kufunga geti, ukirudi nyuma.

Halafu angalia nani anapika, mvua hunyesha saa ngapi, na ni kina nani unaoandamana nao. Kuhusu pesa, usitegemee bei uliyosikia kwa mtu aliyekwenda mwaka jana. Kumbuka tu kwamba kwenye hifadhi ya KWS ada ya kuingia ni kando na ada ya banda, hutozwa kwa kila mtu, na hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, si kwa noti dirishani. Lipa ukiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, kisha hifadhi risiti kwenye simu kama picha. Mtandao wa getini ukikwama, risiti iliyo ndani ya tovuti haitafunguka.

MSITU WA KAKAMEGA

Kufika. Ni mbali, karibu kilomita 400, na kwa gari ni siku nzima: saa nane au zaidi kupitia Nakuru, kisha ama Kericho na Kisumu, ama Kapsabet na Chavakali. Wanaopanda ndege hadi Kisumu hubakiwa na takriban kilomita 50 hadi mjini Kakamega. Lakini kuna jambo la kuamua kabla hujatoka nyumbani: msitu huu una milango miwili inayosimamiwa na mashirika mawili. Kaskazini ni Buyangu, hifadhi ya KWS, ambako unaendelea na barabara ya kuelekea Webuye na kupita mji wa Kakamega. Kusini ni Isecheno, chini ya Huduma ya Misitu, KFS, ambako unakatia Khayega na kupita Shinyalu. Tiketi ya upande mmoja haikuingizi upande wa pili. Waliolipia Buyangu wakashuka Khayega hujikuta wakilipa bodaboda nyingine na ada nyingine.

Kulala na kupika. Hapa ndipo penye uchaguzi mpana kuliko kote. Buyangu kuna mabanda ya Udo, nyumba za duara zilizoezekwa kwa nyasi, rahisi, vyoo na bafu nje. Isecheno kuna nyumba ya wageni ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, inayotazamana na ukuta wa miti. Kilomita chache kutoka hapo iko Rondo, nyumba za mbao zenye baraza pana katikati ya bustani, zinazoendeshwa kama kituo cha Kikristo. Huko chakula hupikwa na kuletwa mezani, na si pa kwenda na kreti ya bia. Anayetaka kupumzika kabisa asishike sufuria ataipenda Rondo. Anayetaka kukoka moto mwenyewe aende Buyangu.

Kutembea. Huu ndio msitu wa mvua wa aina ya Kongo uliobaki Kenya, na unauhisi mara tu unapoingia: mwanga hupungua, sauti za ndege hutoka juu mahali usipopaona, majani makavu yananuka kama chai iliyolowa. Hakuna ndovu, hakuna nyati, kwa hiyo mwongozaji wa kienyeji anatosha, na mwongozaji mzuri ndiye nusu ya safari. Atakuonyesha Mama Mutere, mti mkubwa wa mutere ambao wakazi wa eneo wamekuwa wakichukua gome lake kwa dawa. Atakuonyesha pia mkuyu unaonyonga: mbegu inayoanza maisha juu ya tawi la mti mwingine, ikashusha mizizi hadi chini, mizizi ikaungana ikawa kama kisiki chenye dirisha, na mti wa ndani ukafa ukaoza. Ukipata mmoja ulio wazi katikati unaweza kusimama ndani na kutazama juu kama aliye kisimani.

Kwa wanaotaka mlima mdogo, Lirhanda upande wa kusini na kilima cha Buyangu upande wa kaskazini ni vya kupanda alfajiri. Toka saa 11 ukiwa na tochi ya kichwani, uwe juu jua likichomoza na ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilele vya miti. Lirhanda ina pango la popo lililobaki kutoka enzi za uchimbaji dhahabu. Usiku kuna matembezi ya kutafuta komba na poto, mnyama mdogo wa macho makubwa atembeaye kama aliyelewa usingizi. Asubuhi ni zamu ya mbega, kima, hondohondo na shorobo mkubwa wa buluu, ndege ambaye wapenda ndege husafiri mbali kumwona.

Kinachoharibika. Kwanza mvua. Kakamega haifuati ratiba ya Nairobi. Septemba yake si kavu. Asubuhi huwa na jua, mawingu hujikusanya adhuhuri, na saa 9 au 10 alasiri radi inapiga. Tembea kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 6 mchana, kisha rudi barazani. Udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na viatu vya kupanda mlima vyenye nyayo za thamani hujaa tope hadi vikawa vizito. Gamubuti na soksi ndefu nene hufanya kazi vizuri zaidi, na ndizo waongozaji wenyewe wanavaa.

Pili ni siafu. Ingiza suruali ndani ya soksi. Ukiona mstari mweusi unavuka njia, ruka bila kusita, wala usisimame karibu kupiga picha, maana walinzi wa mstari hutapakaa pembeni kabla ya wewe kuwaona. Wakishapanda, usiwapanguse kwa kiganja: kiwiliwili hukatika, kichwa kikabaki kimeng'ata. Sogea mbali kwanza, kisha wabandue mmoja mmoja.

Tatu, na hili ndilo zito, ni malaria. Kakamega iko katika ukanda wa ziwa ambako malaria ipo mwaka mzima, na mtu aliyekulia Nairobi hana kinga ya maana. Lala ndani ya neti, vaa mikono mirefu jioni, na zungumza na daktari au mfamasia kuhusu dawa ya kinga kabla ya safari. Baadhi huanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Homa ikikupata wiki mbili au tatu baadaye ukiwa umeshasahau safari, mwambie daktari ulikuwa Kakamega. Usinywe dawa ya mafua ukangoja.

Inamfaa nani. Wenye siku nne na kuendelea, wapenda ndege na vipepeo, wazee wasiotaka miinuko mirefu, na watoto wanaoweza kutembea saa tatu. Haimfai aliye na Jumamosi na Jumapili pekee, wala mjamzito asiyeshauriana na daktari wake kuhusu malaria.

SIRIMON, MLIMA KENYA

Kufika. Nairobi hadi Nanyuki ni karibu kilomita 200 za lami kupitia Thika, Makutano na Karatina. Kutoka Nanyuki fuata barabara ya Meru kama kilomita 15, kisha ingia kulia na kupanda takriban kilomita 10 hadi getini. Huu ndio msitu rahisi kuliko yote kwa asiye na gari: matatu hadi Nanyuki, nyingine ya kuelekea Timau au Meru, ushukie njiapanda ya Sirimon, na bodaboda hadi juu. Patana bei ya kurudi na mwenye bodaboda huyo huyo na uchukue namba yake, kwa kuwa huko juu hutapata nyingine ikipita.

Kulala na kupika. Mabanda ya KWS yako karibu na geti, yana vyumba, jiko na bafu. Unapika mwenyewe. Unaponunua chakula Nanyuki kumbuka kimo: maji kwenye mita 2,650 huchemka kwenye digrii kama 91, si 100. Maharagwe makavu yanaweza kuchemka jioni nzima na bado yakagonga meno. Chemsha githeri nyumbani iive kabisa, ipoze, ibebe kwenye chombo chenye kifuniko, na huko uikaange tu. Mchele uongezee maji na dakika tano sita, na uweke jiwe safi juu ya kifuniko cha sufuria mvuke usitoroke.

Kutembea. Kutoka getini hadi kambi ya Old Moses, iliyo mita 3,300, ni kilomita 9 za barabara ya udongo inayopanda polepole. Kwenda na kurudi ni kilomita 18 na mwinuko wa mita 650. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida hutumia saa tatu hadi nne kupanda na mbili na nusu kushuka. Nusu ya kwanza ni msitu wa mitarakwa na podo, mikavu kiasi, yenye nafasi kati ya mti na mti na ndevu za kuvu zinazoning'inia. Baadaye miti hupungua kimo, vichaka vya baridi huanza, na kukiwa kweupe vilele vya Mlima Kenya hujitokeza mbele yako. Ni barabara, na hilo kwa wengine ni dosari: huwezi kuiita njia ya siri ya msituni. Kwa upande mwingine huwezi kuipotea, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuimudu nusu yake.

Toka saa 1 asubuhi. Mlima huu una tabia ya kuwa wazi asubuhi na kujifunika kuanzia kama saa 5, na anayeanza saa 4 atafika juu ndani ya ukungu, aone buti zake tu. Weka saa ya kugeuka, tuseme saa 7 mchana, na uifuate hata kama kambi inaonekana.

KWS haimruhusu mtu kupanda mlima peke yake. Chukua mwongozaji, hata kwa siku moja. Nyati na ndovu hutumia barabara hiyo hiyo, hasa kilomita za mwanzo alfajiri na jioni, na nyati mmoja mzee aliyejitenga na kundi ni wa kuogopwa kuliko ndovu kumi. Samadi mbichi inayotoa mvuke ni ujumbe: simameni, nyamazeni, sikilizeni.

Kinachoharibika. Hapa mvua si adui mkubwa. Upande wa kaskazini-magharibi wa mlima ndio mkavu zaidi, wakati upande wa kusini na mashariki hupokea mvua nyingi, ndiyo sababu Sirimon inabaki na njia ngumu chini ya mguu hata wiki ambazo Chogoria, njia ya upande wa mashariki, kuna tope. Kinachowaangusha watu ni kasi. Mkazi wa Nairobi anayelala mita 1,700 Ijumaa na kuwa mita 3,300 Jumamosi adhuhuri amepanda mita 1,600 kwa siku moja. Kichwa kikianza kuuma, pumzika, kunywa maji. Kikizidi, au kichefuchefu kikija, au mtu akianza kuyumba, shukeni bila mjadala. Dawa ya maumivu huficha dalili na haimrudishi mtu chini.

La pili ni kucha. Kushuka kilomita 9 vidole vikigonga mbele ya kiatu hutoa kucha nyeusi. Kata kucha siku mbili kabla ya safari, na kaza kamba za kiatu upya kabla ya kuanza kushuka ili kisigino kikae nyuma.

Inamfaa nani. Mwenye wikendi moja, asiye na gari, anayependa kutembea umbali wa kuhesabika na mwenye ndoto ya kupanda Lenana, kimoja cha vilele vya Mlima Kenya, siku moja akitaka kuujaribu mwili wake. Anayetaka vivuli vizito na vijito kila hatua ataiona kavu.

ABERDARE KUPITIA KIANDONGORO

Kufika. Nyeri ni karibu kilomita 150 kutoka Nairobi, na kutoka hapo unapanda kupitia mashamba ya chai hadi ukingo wa msitu. Umbali ni mfupi kuliko wa Sirimon, ila kilomita za mwisho ndizo zenye neno. Ndani ya hifadhi gari la kuendesha magurudumu manne si anasa. Udongo mweusi wa kule ukinyeshewa huwa uji, na gari dogo likikwama hakuna mtu wa kupita kulisukuma. Beba jembe dogo, kamba ya kuvutia na ubao wa kuweka chini ya jeki.

Kulala na kupika. Nyumba za Fishing Lodge, zisizo mbali na geti, ni za mawe na zina mahali pa kuwashia moto. Zinafaa kundi la familia mbili kuliko wawili peke yao. Kuhusu moto huo kuna jambo dogo la kujua. Dohani iliyolala baridi ina hewa nzito ndani yake, na ukiwasha kuni papo hapo hewa hiyo hurudisha moshi chumbani. Hakikisha kwanza dohani iko wazi. Sokota gazeti liwe kama mwenge, liwashe, ulishike juu kabisa karibu na mdomo wa dohani kwa dakika moja hadi uone moshi unavutwa juu. Kisha washa vijiti vikavu vya unene wa kidole ulivyovipanga kwa kupishana, halafu kuni kubwa baada ya dakika kumi. Kuni mbichi au zilizolowa zitafuka usiku mzima bila kutoa joto. Omba zilizopasuliwa, na uzisimamishe pembeni mwa moto zikauke kabla ya zamu yake.

Kutembea. Njia ya gari kutoka getini hupitia msitu na mianzi, kisha inafunguka kwenye nyanda za nyasi nene, vijito baridi vyenye samaki aina ya trauti, na ukungu. Maporomoko ndiyo sababu ya watu wengi kuja. Karuru huanguka kwa ngazi tatu, jumla mita 273, na kutoka maegesho ni mwendo mfupi hadi jukwaa la kutazamia. Chania na Magura ni madogo zaidi na yana utulivu zaidi. Matembezi marefu hufanywa pamoja na askari wa KWS mwenye bunduki. Agiza siku moja kabla na uulize kama ana usafiri au mtampa nafasi garini. Ndovu, nyati na chui wapo, na nyasi zenyewe zimefika kiunoni.

Nyasi hizo huota kwa mafungu, kila fungu kama kigoda, na katikati yake maji. Mguu ukikosea kigoda unazama hadi kwenye goti. Kilomita moja huko ni sawa na mbili za Sirimon. Gamubuti na fimbo.

Kinachoharibika. Baridi, na kisha baridi. Usiku wa mita 3,000 bila mawingu unaweza kukaribia sifuri. Kulala juu hivyo ukitoka Nairobi moja kwa moja huleta usingizi wa kukatika-katika na kichwa kizito kwa baadhi ya watu. Usinywe pombe usiku wa kwanza. Ukungu nao unaweza kukaa siku nzima ukaiona Karuru kwa masikio tu. Kwa hiyo panga usiku mbili, si mmoja, ili upate asubuhi mbili za kujaribu.

Inamfaa nani. Kundi lenye gari linalofaa na dereva anayelijua, wanaopenda maporomoko na moto wa jioni kuliko kilomita, wapiga picha wenye subira. Mtoto mchanga na mtu mwenye matatizo ya moyo au mapafu wasipelekwe kulala huko bila ushauri wa daktari.

YANAYOFANANA KOTE

Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na misitu ya Kenya tangu Juni 5, 2020. Chupa za maji za dukani, vijiko na sahani za plastiki, mirija, vyote viache. Beba chupa ya kudumu na mtungi wa lita 20 garini. Hesabu lita tatu kwa mtu kwa siku ya kutembea.

Usiingize jiko la makaa chumbani kupasha joto, hata likiwa limebaki majivu mekundu, hata dirisha likiwa nusu wazi. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi na huwaua watu wakiwa wamelala. Sirimon na Aberdare ndiko kishawishi hiki kiko. Chupa ya maji moto ndani ya blanketi inatosha.

Nguo za pamba zikilowa jasho hubaki zimelowa na kukunyang'anya joto. Tafuta sweta za flisi kwenye masoko ya mitumba ya Toi au Gikomba, zinapatikana kwa bei nafuu, mbili kwa kila mtu anayekwenda mlimani, na koti moja la mvua la kweli. Kwa watu wanne usiku mbili, chakula kinachotosha bila kubeba soko zima ni unga wa ugali kilo 2, mchele kilo 1, githeri iliyochemshwa sufuria moja ya lita 4, kabeji moja kubwa, nyanya 12, vitunguu 8, mayai 15, maziwa lita 3, na tangawizi ya chai. Kabeji hustahimili barabara. Sukuma iliyokatwa tayari hunyauka na kuchachuka kabla ya Karatina.

UKIWA NA HALI HII

Mnatoka Ijumaa saa 10 jioni baada ya kazi: hakuna hata moja kati ya hizi utakayoingia usiku huo. Laleni Nanyuki au Nyeri, mfike getini saa 1 asubuhi.

Mna usiku mmoja tu na hamna gari: Sirimon. Mkiwa na usiku mbili, siku ya pili tembeeni kilomita tatu za kwanza polepole mkitazama mbega, badala ya kurudia Old Moses.

Mnakwenda na mama mwenye magoti mabaya au baba wa miaka 75: Kakamega kwa ndege hadi Kisumu, mlale ambako chakula huletwa, na mshauriane na daktari wake kuhusu dawa ya malaria. Njia ni tambarare kwa kiasi kikubwa na hewa ya kimo hicho haitawasumbua.

Mna kundi la watu sita, gari la magurudumu manne na mnataka kukaa pamoja mbele ya moto: Aberdare, usiku mbili. Gari likiwa ni lile la kawaida la mjini, msijaribu bahati, nendeni Sirimon.

Ni wawili mnaotaka kimya cha kusikia majani yakidondosha maji: Kakamega katikati ya wiki, upande wa Buyangu, baada ya wanafunzi kurudi shuleni.

Mnafikiria wiki ya mwisho ya Oktoba na vuli imeshaanza kupiga: Aberdare iahirisheni kwa sababu ya barabara. Sirimon bado inapitika. Kakamega itanyesha, lakini ilikuwa inanyesha tangu mwanzo, na baraza lake limejengwa kwa ajili hiyo.